Leso Katikati ya Uso: Tathmini ya «Mwanamke Anayelia» ya Picasso, na ya Nakala Zake

Nilimiliki nakala ya picha hii kabla sijaiona picha yenyewe, na naamini wapenzi wengi wa sanaa huku kwetu huanza hivyo hivyo, kwa kuwa turubai zenyewe zimetundikwa mbali nasi. Nakala yangu ilichapwa kwenye karatasi nzito, ikaletwa imeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi, na urefu wake ulikuwa sentimita 90. Kwa muda wa miaka miwili niliitazama kila siku nikidhani kwamba naifahamu. Kisha nikapata safari ya London, nikaingia Tate Modern, jumba la makumbusho ya sanaa, nikasimama mbele ya turubai yenyewe, na haukupita muda nikatambua kwamba kile nilichokuwa nacho nyumbani kilikuwa na mistari ileile na umbo lilelile, lakini kitu kimoja ambacho picha nzima imejengwa kukizunguka hakikuwamo. Kitu hicho ni weupe.

Naizungumzia «Mwanamke Anayelia», picha ya rangi za mafuta ambayo Pablo Picasso aliitia tarehe ya 26 Oktoba 1937. Uso ulioichochea ni wa Dora Maar, mpigapicha na msanii aliyekuwa mwenzi wake wakati huo. Ili kuielewa tarehe hiyo lazima turudi nyuma miezi sita kamili: siku ya Jumatatu, 26 Aprili 1937, ndege za Kijerumani na za Kiitalia zilizokuwa zikimuunga mkono Jenerali Franco, kiongozi wa waasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ziliushambulia kwa mabomu mji wa Gernika, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Picasso, ambaye tayari alikuwa ameombwa achore picha kubwa kwa ajili ya banda la Hispania katika maonesho ya kimataifa ya Paris, aliligeuza shambulio hilo kuwa «Guernica» (jina la mji huo kwa Kihispania), turubai yenye upana wa karibu mita 7.8 na urefu wa mita 3.5, yote kwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Katika turubai hiyo yumo mama aliyebeba mtoto aliyekufa, ameinua kichwa akilia. Kazi hiyo kubwa ilipokamilika, mama huyo hakumwachia mchoraji nafasi ya kupumzika. Aliendelea kumchora kwa penseli, kwa wino, kwa michoro ya kuchongwa kwenye bamba na kwa rangi za mafuta, mpaka akafika kwenye picha hii ya Oktoba, ambayo ni ya mwisho katika mfululizo huo na ndiyo iliyofanyiwa kazi kwa undani zaidi.

Jambo la kwanza linaloshtua ni udogo wake. Ina sentimita 61 hivi kwa 50, ukubwa usiozidi sana ule wa sinia la kupakulia wali wa watu wachache. Baada ya turubai ya karibu mita nane, Picasso aliurudisha msiba kwenye kipimo cha uso wa mtu mmoja, na ukiusogelea unakuwa umbali ule ambao mtu husimama anapompa mfiwa mkono wa pole. Nakala yangu ya sentimita 90 ilikuwa imeuondoa uhusiano huo, kwa sababu uso uliokuzwa namna ile hugeuka kuwa bango, nalo bango hutazamwa kutoka ng'ambo ya chumba.

Sasa nije kwenye rangi, ambazo ndizo zilizonishikilia kwa muda mrefu zaidi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati fulani tunapozitazama rangi, kwa sababu lugha yetu inazo rangi tatu tu ambazo ni sifa halisi zinazobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezichukua kutoka kwenye vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye majivu, zambarau kwenye tunda lake, na manjano kwenye ile bizari ya jikoni inayotia wali rangi. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba uso wa mtu ni wa manjano na kijani, masikio yetu husikia kwanza vitu, kisha ndipo husikia rangi. Usomaji huo unaifaa sana picha hii, kwa sababu hakuna rangi ndani yake iliyokaa kama pambo tupu. Kila moja imekuja na mzigo wake.

Uso umepakwa manjano na kijani. Mtu aliyezoea manjano ya singo, ile inayopakwa mwari ili ngozi yake ing'ae, anaweza kuitazama rangi hii akatarajia furaha, lakini manjano iliyo hapa imechanganyika na kijani kiasi kwamba imechachuka, na macho hupata ile hali ambayo ulimi huipata kwenye ndimu. Nyuma ya mwanamke ukuta nao una manjano na rangi ya chungwa, umegawanywa kwa mistari ya wima, kama ukuta wa chumba kilichopambwa. Kichwani amevaa kofia nyekundu yenye utepe wa buluu na ua la buluu. Nywele zimechorwa kwa michirizi iliyochanwa vizuri. Ukizifunika kwa kiganja sehemu za katikati ya uso na kutazama kilichobaki, unamwona mwanamke aliyejipamba kwa ajili ya siku ya kawaida ya mjini, labda ya kutembelea rafiki au kunywa kahawa. Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza kuhusu rangi za picha hii: ukali wake haukuanzia kwenye huzuni. Ni rangi za mtu aliyevaa vizuri asubuhi bila kujua kwamba mchana utaleta habari, na uchungu wa picha unatokana na kwamba kofia ile haikupata nafasi ya kuvuliwa.

Halafu kuna katikati. Kuanzia chini ya macho mpaka kwenye kidevu, rangi zote hukatika ghafla, kana kwamba mtu amekirarua kipande cha picha na nyuma yake pakaonekana picha nyingine. Hapo hakuna manjano wala kijani. Kuna weupe uliotiwa buluu ya baridi, umekatwakatwa kwa pembe kali kama vigae vya kioo, na ndani yake meno yanaonekana, na midomo, na vidole, na kitambaa kilichokunjamana. Mwanamke ameishika leso yake na ameing'ata. Vidole vimezama ndani ya leso kiasi kwamba macho hayawezi kuamua mara moja wapi ncha ya kidole inaishia na wapi pindo la kitambaa linaanza, na machozi nayo yana ugumu uleule wa kitambaa na ukucha. Kila kitu kilichomo ndani ya eneo hilo kimekuwa kitu kimoja.

Neno leso lina historia kwetu. Limetokana na Kireno, likiwa na maana ya kitambaa cha mkononi, na kama inavyosimuliwa, wanawake wa pwani katika karne ya 19 walivishona pamoja vitambaa hivyo vya mraba wakapata vazi, ambalo mpaka leo Mombasa huitwa leso na kwingine kanga. Nimekulia Tanga, na katika kila msiba niliohudhuria nikiwa mtoto nilimwona angalau mwanamke mmoja akilivuta pindo la leso yake mpaka mdomoni na kuling'ata, ili sauti isitoke mbele ya wageni au ili itoke polepole. Sisemi kwamba Picasso alijua lolote kuhusu desturi hiyo, wala sitaki kumpachika maana zetu. Vilevile, weupe kwetu ni rangi ya sanda, na mjane anayekaa eda katika pwani yetu huvaa nyeupe, lakini hilo nalo ni letu na halimo katika turubai. Ninachosema ni kwamba tendo lenyewe, la mdomo kuuma kitambaa ili kuzuia kilio, linasomeka kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa mkekani kwenye matanga, na kwamba mchoraji aliliona kwa usahihi mkubwa kiasi cha kulikabidhi eneo la heshima kuliko yote katika picha, yaani mahali ambapo macho ya mtazamaji hutua kwanza na kurudi kila mara.

Watu wengi hulalamika kwamba maumbo ya picha kama hii ni ya kuvurugwa makusudi. Pua imeelekea upande, lakini macho yote mawili tunayaona kana kwamba mwanamke ametugeukia. Huo ndio urithi wa kubizimu, namna ya kuchora ambayo Picasso na Georges Braque waliijenga Paris karibu miaka thelathini kabla ya picha hii, ambapo kitu huonyeshwa kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Katika picha nyingi za kubizimu za mwanzo mbinu hiyo ilitumika kwa vitu vitulivu, kama gitaa, chupa, gazeti juu ya meza, na rangi zilikuwa za udongo na kijivu. Hapa imepewa kazi nyingine. Anayelia kwa uchungu hatulii: hugeuza kichwa, huinama, huinua uso, hutazama asipoona kitu. Mchoraji aliyemchora kwa upande mmoja tu angekuwa amemlazimisha atulie. Kwa kuziweka pande mbili za uso katika mahali pamoja, Picasso ameuhifadhi mwendo wa kichwa. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaoiita picha hii sanaa ya dhahania tupu, kwa maana ya kwamba haihusiani tena na kitu kilichoonwa. Imekiacha kile ambacho kamera ingekipata kwa mpigo mmoja, lakini imekaribia sana kile ambacho jicho la jirani hukiona kwa robo saa.

Mistari myeusi mizito inayozunguka kila kipande cha rangi inafanya kazi ambayo mtu huweza kuipita bila kuitambua. Inaufanya uso ufanane na dirisha la kanisa lililotengenezwa kwa vioo vya rangi na kushikiliwa kwa vipande vya madini ya risasi. Picasso alizaliwa Málaga, katika Hispania ya kusini, nchi ambayo sanamu za Bikira Maria mwenye huzuni hubebwa mitaani wakati wa Juma Takatifu zikiwa na machozi ya kioo mashavuni. Ugumu wa machozi katika picha hii, ambayo hayatiririki bali yamekatwa kama vito, naona unatoka huko. Na macho yenyewe yamekuwa vyombo: kope ni nene na nyeusi, na duara la jicho limeinama kama bakuli lililokwisha kupinduka. Wapo watazamaji wanaoona ndani ya mboni umbo la ndege za kivita, kana kwamba mwanamke bado anaakisi kile kilichopita juu ya Gernika. Nilipolitafuta umbo hilo mwenyewe nililipata kwenye jicho moja kwa uwazi zaidi kuliko kwenye lingine, na sidhani kwamba picha inaanguka kwa yule asiyeliona.

Kwa msomaji anayeanza kuzitazama picha za namna hii, ningeshauri aiweke karibu nayo picha nyingine ndogo zaidi, ile ambayo mchoraji Mfaransa Henri Matisse alimchora mkewe Amélie mwaka 1905, iliyoko katika makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Copenhagen na inayojulikana kwa mstari wa kijani uliopita katikati ya uso kutoka kwenye paji mpaka kwenye kidevu. Mstari huo unafanya kazi ya kivuli: unaugawa uso kuwa nusu ya rangi za joto na nusu ya rangi za baridi, bila kutumia weusi. Matisse alionyesha kwamba kijani kinaweza kuwa mwanga na bado uso ukabaki mtulivu, wenye heshima zake. Picasso, miaka 32 baadaye, anakitumia kijani kwa kazi isiyo ya mwanga kabisa. Ukizitazama zote mbili katika kikao kimoja utaacha kuuliza kwa nini uso ni wa kijani, na utaanza kuuliza kijani hiki kinafanya nini hapa, swali ambalo picha huweza kulijibu.

Ninalo shaka moja kuhusu kazi hii, na lingekuwa kosa kulificha ndani ya sifa. Dora Maar hakuwa mjane wa Gernika. Alikuwa msanii kamili, ndiye aliyezipiga picha hatua za kuchorwa kwa «Guernica» katika studio ya Paris, na kwa ushahidi wake huo ndiyo tunajua leo jinsi turubai ile ilivyobadilika siku hadi siku. Alikuja kusema kwamba picha zote alizochorwa na Picasso zilikuwa uongo, kwa maana kwamba zilikuwa za Picasso na hazikuwa zake yeye. Ninaamini maneno hayo. Ninapoitazama picha hii siwezi kusema kwamba namjua Dora Maar kwa sababu yake, na nadhani mtazamaji anayeuchukulia uso huu kuwa maelezo ya tabia ya mwanamke fulani anamdhulumu. Uso wake umekopwa ili kubeba msiba wa nchi. Kwamba umebeba mzigo huo kwa nguvu isiyo ya kawaida ni kweli, na kwamba aliyekopwa hakuridhika ni kweli pia. Mambo hayo mawili nayaacha yakae pamoja, kwa sababu sijaona hoja inayoliondoa mojawapo.

Kuhusu mahali penyewe nitasema kwa ufupi. Tate Modern ilifunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililokuwa kituo cha kuzalisha umeme kando ya mto Thames, na kuingia katika vyumba vya mkusanyo wake wa kudumu hakulipiwi. Kinacholipiwa ni maonesho maalumu. Picha hii iliingia katika mkusanyo wa Tate mwaka 1987, baada ya kumilikiwa na msanii Mwingereza Roland Penrose, aliyeinunua kutoka kwa Picasso mwaka uleule ilipochorwa. Makumbusho makubwa huzihamisha picha zao na huziazima kwa wengine, kwa hiyo anayefunga safari kwa ajili ya picha moja na ahakikishe kwanza kwamba iko ukutani. Nilikwenda asubuhi ya siku ya kazi, wageni wakiwa wachache, nikapata nafasi ya kusimama hatua mbili kutoka kwenye turubai. Umbali huo ndio ninaoupendekeza. Kwa hatua sita unaiona kofia na ukuta, kwa hatua mbili leso inakujaa machoni, na kwa umbali huo mdogo utaona pia kwamba weupe ule si rangi moja: umepakwa kwa tabaka, mahali pengine mzito, mahali pengine mwepesi.

Nakala niliyokuwa nayo nyumbani ilishindwa hapo hasa. Sehemu ya katikati ilichapwa kwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, yenye joto, ikakaribiana sana na manjano ya mashavu, na mpasuko ule wa ghafla kati ya rangi za siku ya kawaida na weupe wa leso ukatoweka. Uso ukawa wa rangi nyingi za kuchangamsha, na wageni wangu waliosema kwamba picha ile inapendeza sebuleni walikuwa wanasema kweli kuhusu kitu walichokiona. Nilimwandikia muuzaji, ambaye sitamtaja, naye akajibu kwamba rangi hutofautiana kati ya skrini na karatasi. Jibu hilo lina ukweli wa jumla, lakini halimsaidii mtu aliyeuziwa picha iliyopotezewa kiini chake.

Nakala ya pili niliinunua kwa uangalifu zaidi, na vigezo nilivyotumia nawapa wasomaji wanaotaka kununua yoyote ya namna hii. Nilitafuta ukubwa unaokaribia ule wa turubai, na sikuvutiwa tena na mabango makubwa. Nilidai kuona kwanza kipande cha sampuli kilichochapwa, na nilikiweka kando ya karatasi nyeupe ya kawaida dirishani, mchana, taa zikiwa zimezimwa: kama weupe wa leso ulikuwa unaelekea kwenye maziwa au kwenye mchanga, nilikikataa, na kama ulikuwa unaelekea kwenye buluu nyepesi ya baridi, niliendelea. Nilitazama pia mistari myeusi, kwa sababu mashine dhaifu huifanya iwe ya kijivu, na ikishakuwa ya kijivu vipande vya uso hulegea na kuanza kuelea. Karatasi isiyong'aa ilinifaa kuliko ile inayong'aa, ambayo huakisi dirisha na kuleta weupe mwingine usiotakiwa juu ya ule unaotakiwa. Bei ilipanda, na sikujuta.

Nimeitundika kwenye ujia wa nyumba, mbali na sebule, kwenye ukuta unaopata mwanga wa magharibi. Jua linapozama na kabla taa hazijawashwa, kofia nyekundu ndiyo inayotangulia kuwa nyeusi. Ukuta wa chungwa unaifuata, kisha kijani cha mashavu, na kwa dakika chache za mwisho kinachoonekana ukutani ni leso peke yake, na vidole vilivyoishika.